Kumkanda Dada

Mama alianza kukusanya samli tangu tumbo la dada lilipoanza kuonekana. Kila asubuhi baada ya kukamua alitenga maziwa kidogo, akayaacha yagande, kisha akakaa mlangoni akisukasuka kibuyu juu ya paja mpaka siagi ijitenge. Siagi hiyo aliichemsha kwa moto mdogo, akaichuja kwa kitambaa, akaimimina kwenye kopo lenye mfuniko na kulificha chini ya kitanda. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Baba alipoomba kijiko kimoja cha kuungia mchicha, mama alimjibu bila hata kugeuka, “Siku utakayojifungua na wewe utapewa.”

Tumezaliwa wawili tu, dada na mimi, kijijini upande wa Kahama. Dada aliolewa Katoro na mwanaume anayefanya kazi kwenye maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo ya dhahabu. Mimba ile ilikuwa ya kwanza. Kwetu binti akijifungua mara ya kwanza mama yake humfuata, akamkanda kwa maji ya moto, akampaka samli, akamfunga tumbo, akampikia uji mpaka mwili urudi. Lakini magoti ya mama yalikuwa yameharibika, hata kwenda kisimani ilikuwa shida. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na nipo nyumbani nasubiri ajira, maana yake nilikuwa natumwa kila kitu. Ikaamuliwa niende mimi.

Nilikuwa sijawahi kumkanda mtu. Mama alinifundishia juu ya mwili wake mwenyewe. Alilala kifudifudi kwenye mkeka chumbani, akanifanya nichovye taulo kwenye maji, nikamue, nikunje, nikandamize kiunoni, niteremke nyongani, nirudi juu. Mimi niliuliza maswali. Maji yawe moto kiasi gani? Nikandamize kwa nguvu kiasi gani? Nikigusa mfupa nitajuaje kama ni mfupa au ni uvimbe? Na akiwa ana kidonda? Na damu ikizidi?

“Maji unajaribu kwa kiwiko,” mama alisema, uso wake umeegemea mkeka. “Kiwiko kikikataa, na yeye atakataa. Hayo mengine utayajua ukifika. Umesoma chuo miaka yote hiyo, taulo linakushinda?”

Usiku huo nilisoma kwenye simu kila nilichokipata kuhusu wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua. Kila nilichosoma kilizaa hofu mpya, na bado niliendelea kusoma. Nikaandaa kapu. Nilitwanga chenga za mchele zikawa unga wa kusugulia ngozi, ili niuchanganye na asali na mtindi. Nilikata majani ya mshubiri, nikayafunga kwenye gazeti, kwa ajili ya michirizi ya tumbo. Niliweka majani ya mpera ya kuchemshia maji, chumvi ya mawe ya kuloweka miguu, jiwe la kusugulia visigino, ulezi, pilipili manga, na kanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Juu ya vyote niliweka kopo la samli. Nilipofunga kapu nilijiona kama mtu aliyejiandaa vya kutosha kwa mtihani, na kwa mtu kama mimi hisia hiyo ni ya nadra.

Shemeji alipiga simu: dada amejifungua, wa kike. Mama alipiga vigelegele peke yake uani. Asubuhi yake nikapanda basi, kapu mapajani. Tulipokaribia Ushirombo simu ikaita tena. Shemeji alisema mtoto alizaliwa amechoka, wakamsaidia kupumua, akanyonya kidogo, na asubuhi ile amefariki. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kisha akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia Ushirombo, akasema haya, karibu.

Sikulia. Nilitazama kapu. Abiria aliyekaa pembeni yangu, mama mmoja mwenye kuku, alikuwa ameshaniuliza naenda wapi nikamwambia naenda kumhudumia dada yangu aliyejifungua. Niliogopa asije akaniuliza tena. Nilianza kufikiria nilifanyie nini lile kapu. Nikifika nalo nitakuwa nampelekea nini? Nikiliacha kwenye basi nitamwambia nini mama, aliyesuka kibuyu miezi yote ile? Nikimwaga vingine nikabaki na ulezi, ulezi hauna ubaya, hata mgonjwa anakunywa uji. Na je, yeye sasa ni nani? Mgonjwa? Mfiwa? Mzazi? Nilijikuta nikiyapanga maneno hayo matatu kama mtu anayechagua shati, na nikajichukia. Mpaka tunaingia Katoro, katikati ya honi za bodaboda na vumbi la barabarani, sikuwa nimeamua lolote, kwa hiyo nilishuka na kila kitu.

Mama mkwe wa dada alikuwa uani akiosha sufuria. Ni mwanamke mrefu, mtu wa Bukombe, rozari haitoki shingoni mwake. Alikuwa amekuja tangu dada alipoanza uchungu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mayu.” Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo watu wazima wa kwetu wanavyoita hata wasichana. Alifuta mikono kwenye kanga, akanishika mabega, akanitazama, kisha akatazama kapu. “Umebeba nini?”

“Vitu vya mzazi.”

“Leta hapa.”

Alilichukua, akaingia stoo, akalisukuma nyuma ya magunia ya mahindi na kulifunika kwa gunia tupu. Alifanya hivyo kwa upole, kama anayemfunika mtu aliyelala. “Asivione,” aliniambia. “Moyo wake ni kidonda. Nguo za mtoto nimeshazitoa, beseni jipya nimempa jirani atutunzie. Wewe kaa naye, mpe chai, mpe ugali, usimkumbushe.”

Nilishukuru. Nasema kweli, nilishukuru sana, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameamua.

Mtoto alizikwa mchana uleule, kwa haraka, na watu wachache, jinsi wanavyozikwa watoto wa umri ule. Dada alirudishwa nyumbani kutoka hospitali, akalala akiangalia ukuta. Alikuwa amevaa gauni pana la mimba, na ndani ya gauni lile tumbo lilikuwa bado lipo, limelegea, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba shughuli imekwisha. Nilimpa chai. Nilimpa panadol aliyopewa hospitali. Nilimpa wali. Alikula kidogo na kusema asante kila mara, na ule uungwana wake ulinitisha kuliko kama angerusha sahani.

Siku zikaenda hivyo. Majirani walikuja, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakasema pole, kisha wakazungumza kuhusu mvua iliyochelewa na karasha jipya lililofunguliwa mtaa wa pili, ambalo kelele zake za kusaga mawe zilikuwa zinaingia mpaka ndani. Hakuna aliyemtaja mtoto. Hakuna aliyeuliza uchungu ulianza saa ngapi, au alizaa kwa shida au kwa wepesi, au mtoto alikuwa mkubwa au mdogo, maswali ambayo kwa kawaida wanawake humuuliza mzazi kabla hata hawajakaa. Kila mtu alikuwa mwema. Wema ule ulikuwa umelifagia jambo lote likaisha, kama uani unavyofagiwa asubuhi.

Mimi nilimwangalia dada anavyoinuka. Aliinuka kwa hatua: kwanza mkono kitandani, kisha anapumzika, kisha mkono mwingine kiunoni, kisha anasimama akiwa amekunja uso. Kwenda chooni alitembea akishika ukuta. Nilijua kabisa dawa ya kiuno kile iko nyuma ya magunia. Lakini kila nilipotaka kusema kitu nilikuwa na sababu kumi za kunyamaza. Labda maji ya moto yatamkumbusha. Labda nisipomkanda ataona nimemdharau. Labda kuna mwiko ambao siujui. Labda ninataka kumkanda ili mimi nijisikie vizuri. Nilizunguka na hizo labda kutwa nzima, nikifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Ikawa mchana mmoja, jirani anayeuza vitumbua akapita dirishani na kuita kutoka nje, “Mama, hodi! Mgonjwa anaendeleaje?”

“Ana nafuu,” mama mkwe alijibu kutoka jikoni. “Homa imeshuka, namshukuru Mungu.”

Dada alikuwa amelala vilevile, uso ukutani.

“Mimi sina homa,” alisema.

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Jikoni kijiko kikaacha kukoroga. Kisha nikasikia ndara za jirani zikiondoka taratibu.

Dada akageuka akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu nifike.

“Mama hakukupa samli?”

“Alinipa.”

“Iko wapi?”

“Stoo.”

“Mbona hamnikandi?”

Nikaanza kumweleza. Nilifikiri hivi, halafu nikafikiri vile, na mama mkwe naye alifikiri.

“Ulifikiri nini?”

“Nilifikiri itakuuma.”

“Inaniuma sasa,” dada alisema. “Mdogo wangu, mimi nimezaa. Nilisukuma mpaka macho yakaona giza. Aliyekufa ni mtoto, mgongo wangu upo hapa. Kila anayekuja anauliza mgonjwa, mgonjwa. Kama hamnikandi, basi semeni nilikwenda hospitali kutibiwa malaria.”

Hakulia. Alisema na kugeukia ukuta tena, na mimi nikatoka.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni mwa stoo. Alisikia yote, nyumba ile ni ndogo.

“Unakwenda wapi?”

“Ameomba kukandwa, mama.”

“Na akiomba sumu utampa?” Alinishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya nyumba ambako dada asingetusikia. “Sikiliza, mayu. Mwili una akili yake. Ukiumwagia maji ya moto na kuupaka mafuta unaamka, unajua una mtoto. Maziwa yatashuka. Yakishuka atamnyonyesha nani? Wewe?”

Lile la maziwa nilikuwa nimeliwaza mwenyewe mara nyingi, na kulisikia kinywani mwa mtu mzima kulilifanya liwe kubwa zaidi. Nikafanya ninachofanya siku zote nikishindwa kuamua: nikaenda kuuliza. Nilitembea mpaka zahanati, nikakaa kwenye benchi na kina mama wenye watoto mapajani, na zamu yangu ilipofika nikamweleza muuguzi kila kitu, hata yasiyohusika, hata habari za kibuyu. Alinisikiliza akiandaa sindano za chanjo. Akasema maji yawe ya uvuguvugu, si ya kuunguza. Mgongo, kiuno na miguu kandeni, ila tumbo msilikandamize. Matiti msiyasugue wala msiyakande, yakijaa wekeni kitambaa cha maji baridi, yatatulia. Akitoka damu nyingi au akipata homa ya kweli, mleteni mara moja.

“Basi?” niliuliza.

“Ulitaka na nini?”

Niliporudi mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha stoo, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyechoka kusimama zamu. Nilimwambia alichosema muuguzi. Alikuwa anazungusha punje za rozari bila kusali.

“Wa kwanza wangu alikufa hivyohivyo,” alisema. “Wa kiume. Wiki haikuisha nilikuwa kwenye pamba, napalilia. Hakuna aliyenikanda. Hakuna aliyenipikia uji. Mama mkwe wangu alisema ukikaa ndani utafanana na mzazi, na mzazi bila mtoto watu watamcheka. Nikatoka. Nikapona.”

“Na mgongo, mama?” niliuliza. Sikuuliza kwa ujanja. Ni kwamba wakati ule mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kiuno, kama ulivyokuwa kila nilipomwona akiinama kuosha vyombo.

“Mgongo ni wa uzee,” alisema.

Kisha akaukunja mguu mmoja kunipisha. Nikapita, nikatoa kapu.

Beseni lilikuwa kwa yule jirani wa vitumbua, nikalifuata. Aliponiona nalibeba aliniuliza, “Mnafua?” nikamwambia, “Tunamkanda dada.” Alibaki amesimama na kitumbua mkononi. Akaingia ndani, akatoka na taulo kubwa zuri, jipya, akaliweka ndani ya beseni, na kurudi kwenye kikaango chake.

Nikawasha mkaa. Nikachemsha majani ya mpera mpaka maji yakawa ya rangi ya chai na nyumba ikanukia kama njia ya shambani mvua ikiisha. Nikayapoza. Kiwiko kikakubali, nikayapoza tena, kiwiko kikakubali tena, nikaweka kiwiko cha pili. Dada alikuwa ameshakaa kwenye kigoda katikati ya chumba, amefunga kanga kifuani, mgongo wazi. Aliniona nikiweka viwiko.

“Ukimaliza kunawa viwiko niambie.”

Taulo la kwanza nililiweka mgongoni kwake kana kwamba mgongo ni wa kioo. Nikaliinua, nikaliweka tena.

“Unanipapasa kama unachagua nyanya sokoni,” alisema. “Kanda!”

Nikakandamiza. Akaruka. “Sasa unanyonyoa kuku? Mama alikufundisha hivi?”

“Alinifundisha, ila yeye alikuwa amelala.”

“Alilala au alizimia?”

Tukacheka. Kicheko chetu kilianza pamoja, lakini chake hakikuisha mahali changu kilipoishia, kiliendelea, kikabadilika, na nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Dada alilia kwa sauti kubwa, sauti ambayo hajawahi kuitoa mbele yangu, hata utotoni alipovunjika mkono. Nilisimama na taulo linalotiririka maji. Hilo ndilo nililoliogopa tangu basini, na sasa limetokea, na limetokea kwa mikono yangu.

Mama mkwe akaingia. Nilisubiri aseme alikuwa ameniambia. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akanipokonya taulo, akalikamua, akalikunja kwa urefu, na kuanza kumkanda dada nyongani kwa viganja vyote viwili, taratibu, kwa uzito wa mwili wake. Kila alipokandamiza alisema, “Pole, mayu. Pole, mayu.” Dada alilia na kukandwa, kukandwa na kulia. Mimi nilikuwa nabadilisha maji. Nilishukuru kupewa kazi isiyo na maswali.

Maziwa yalikuja, kama tulivyoogopa. Madoa mawili yalitokea kwenye kanga, yakapanuka. Wote tuliyaona. Nje karasha lilikuwa linasaga mawe. Nikachovya kitambaa kwenye maji baridi, nikampa, akajiwekea mwenyewe.

“Alinyonya,” dada alisema. “Kidogo. Alishika, akaachia, akashika.”

Mama mkwe aliendelea kukanda. Kisha akauliza, bila kusimamisha mikono, “Alifanana na nani?”

Tangu nifike sikuwa nimesikia mtu akimuuliza dada swali lolote kuhusu yule mtoto.

“Masikio ya mwanao,” dada alisema.

“Makubwa?”

“Makubwa, mama. Yaani kabisa.”

“Ee Yesu,” mama mkwe alisema. “Ukoo mzima. Hata babu yake, akivaa kofia ilikuwa inakaa kwenye masikio.”

Dada akafuta pua kwa mkono. Akatusimulia nywele zilivyokuwa nyingi, kucha zilivyokuwa ndefu kama za mtu mkubwa, na kwamba alikuwa na alama nyekundu kisogoni. Tulisikiliza. Nilimsugua mikono na miguu kwa unga wa mchele, asali na mtindi, vumbi la Katoro likatoka kwa nyuzinyuzi, nikamsuuza, nikasugua visigino kwa jiwe. Samli niliiyeyusha juu ya mvuke. Nikampaka shingoni, mgongoni, kwenye vigimbi vya miguu, katikati ya vidole. Ngozi iliinywa kama ardhi ya kwetu inavyokunywa mvua za mwanzo. Nilipofika tumboni nikafungua mshubiri, nikapasua jani moja, ute wake ukaning’inia kidoleni.

“Huo wa nini?”

“Wa michirizi. Itafifia.”

Dada aliitazama ile mistari iliyopanda kutoka kinenani mpaka kitovuni. “Michirizi iache,” alisema. “Paka mahali pengine.” Nikampaka magotini.

Tukamfunga tumbo kwa kanga, si kwa kubana, alivyosema muuguzi, kwa kulishika tu. Akanywa uji wa ulezi wenye pilipili manga, akalala mchana huohuo, chali, uso ukiangalia dari. Nilikaa pale kuhesabu pumzi zake, kisha nikajiambia niache, kisha nikahesabu tena.

Samli ilikuwa imebaki viganjani mwangu. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya beseni akipumzika, mkono kiunoni. Nilimwambia, “Mama, nikupake kidogo mgongoni.” Alinitazama kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nijutie. “Mimi tena?” alisema. “Yangu yamepita, mayu. Kamwage maji.” Akainuka, akaenda kupika. Nilimwaga maji kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikasimama pale nikijiuliza kama nilimkosea, na mpaka leo sina hakika.

Jioni shemeji alirudi kutoka duara akiwa mweupe kwa vumbi. Alisimama mlangoni. Harufu ya samli na mpera ilikuwa imejaa nyumba nzima, na nilimwona akiivuta, kisha akashusha kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa ameliandaa lile beseni tangu mwanzo, alilinunua mwenyewe. Siku iliyofuata alirudi na mzigo wa majani ya mpera kwenye mfuko wa sandarusi, akaniwekea jikoni, akasema, “Shemeji, sijui kama yanatosha.” Yalikuwa yanatosha mtaa mzima.

Kuanzia hapo tulimkanda kila siku. Jirani wa vitumbua alikuja siku moja kutazama, akaishia kushika taulo, na akauliza uchungu ulianza saa ngapi. Dada akamsimulia kuanzia mwanzo. Yalichukua muda. Majirani wengine wakaja, na wao wakasimuliwa. Sitaki kusema kwamba mambo yakawa mazuri. Kulikuwa na asubuhi ambazo dada hakutaka kuguswa, akageukia ukuta, tukamwacha. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa akilia nyumba ya pili, na kila akilia sote tulitafuta kitu cha kuangalia. Lakini aliinuka kitandani bila kusimama katikati, na akaacha kusema asante kila mara.

Nilipokaribia kurudi nyumbani alitaka tutoke pamoja, twende sokoni kununua dagaa nimpelekee mama. Nilijaribu kumzuia. Je, tukikutana na mtu ambaye hana habari? Je, akiuliza? Nilijiandalia majibu ya kila aina njiani, mengine ya uongo, nikayapanga kulingana na nani atauliza na kwa sauti gani. Dada alitembea mbele yangu, ngozi yake inang’aa, kanga begani.

Muuza dagaa alikuwa mwanamke mnene aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatumjui. Alimpimia mteja mmoja, akamtazama dada kuanzia usoni mpaka tumboni, pale kanga ilipofungwa ndani ya gauni.

“Wewe umetoka uzazi,” alisema. “Usinidanganye, ngozi hiyo ni ya samli. Mtoto umemwacha na nani?”

Nilifungua mdomo. Majibu yangu yote yalikuwepo, na hakuna lililotoka.

“Nilijifungua wa kike,” dada alisema. “Tumemzika.”

Muuza dagaa akaliweka kopo chini. “Lini?”

Dada akamwambia.

“Hata arobaini hujamaliza?” Yule mama alipandisha sauti mpaka wauza nyanya wakageuka. “Hujamaliza arobaini na unatembea kwenye jua hili, kichwa wazi, miguuni ndara? Unataka upepo ukuingie mgongoni uje kulia uzeeni? Na wewe,” alinigeukia mimi, “wewe si ni mdogo wake? Mzazi unamtoaje nje saa sita? Dagaa hukujua kuja kununua peke yako? Nyumbani kwenu hakuna mtu mzima?”

“Yupo, mama,” nilisema.

“Basi mwambie amelaumiwa. Mrudishe mzazi ndani.”

Alitufungia dagaa huku akiendelea kunigombeza, akaongeza konzi nzima, akasema hizo ni za supu ya mzazi, si za kupeleka popote. Watu walikuwa wanatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Dada alikuwa amesimama wima, anasikiliza kila neno, anaitikia, “Ndiyo, mama. Sawa, mama.” Akaishusha kanga kutoka begani, akajifunika kichwa, akaibana vizuri chini ya kidevu kama alivyoagizwa, na tukashika njia ya nyumbani, yeye akitembea polepole upande wa kivuli.